Rasimu ya Tatu

Kalamu imegoma. Julai hapa Isongole
hata wino huganda; naipulizia, naisugua kiganjani,
nachora viduara pembeni mwa daftari
mpaka bluu ikubali kutoka.
Tumo stoo ya Bupe, tumekalia magunia ya viazi:
tisa, sisi; kumi, jiko la mkaa,
ambalo nalo lina wajumbe wake wa karibu.

Kata wametupa mfano wa katiba, nakala ya nakala,
herufi zimefifia kama nyayo kwenye umande:
Jina la kikundi. Anuani. Madhumuni. Muhuri.
"Jazeni mapengo tu," alisema bwana maendeleo,
"mkimaliza leteni, nitawasajili."
Lakini mapengo ya fomu ni madogo,
na sisi tuna mapengo yetu.

Juu ya jina tulishindana Jumapili mbili.
Umoja, akasema Gwakisa. Umoja upo Kiwira,
na uligawanyika.
Upendo upo Ntokela; mweka hazina wake yuko Tunduma,
haijulikani anauza nini.
Tukaacha nafasi. Mtoto huzaliwa kwanza.

Rasimu ya kwanza ilianza na kiingilio.
Ya pili ilianza na faini:
kuchelewa, mia tano; kutofika msibani, elfu tano;
simu kulia kikaoni, kilo ya sukari.
Niliisoma kwa sauti, watu wakaitikia kwa vichwa,
isipokuwa Tusekile, aliyekuwa anamenya kiazi
ambacho hakuna aliyemwomba amenye.

"Andika," akasema, bila kuinua macho,
"kwamba mfu hadaiwi."

Jiko likarusha cheche moja.
Hakuna aliyeuliza kalitoa wapi neno hilo.
Mwaka ule wa jalidi, viazi vimeungua shambani
kama vimemwagiwa maji ya moto,
Anyelwisye wake alifariki akidaiwa ada ya miezi minne
katika kikundi chetu cha zamani.
Kaburi lilichimbwa na shemeji wawili
kwa jembe la kuazima, mpini umelegea,
na sufuria zetu kubwa zilibaki kabatini
chini ya kufuli, kwa mujibu wa kifungu cha kumi na moja.
Katibu aliyekata jina lake kwa kalamu nyekundu,
akatumia rula ili mstari unyooke,
ni mimi.

Gwakisa akakohoa. Si mtu mbaya, ana hesabu tu.
"Sawa, mama. Lakini tukiandika hivyo,
nani atalipa akiwa hai?
Sanduku tupu halinunui sanda."
Na hilo nalo ni kweli; ndiyo taabu yake.
Tukabishana mpaka mkaa ukawa majivu,
mpaka lori likapiga honi likielekea Uyole
na Bupe akatoka kuuza gunia, akarudi,
akatukuta palepale.
Mmoja akataka wadhamini. Mwingine, kiapo.
Ambwene akataka tupige kura, kisha akasahau
kura ya nini.

Neno halikutoka kwa mtu mmoja.
Lilikuja vipandevipande, huyu deni, yule jembe,
nami nikaunga, nikafuta, nikaunga tena:

*Ibara ya kwanza. Deni husubiri, kaburi halisubiri.
Tutazika kwanza, tutahesabu baadaye,
na hatahesabu mtu ambaye hakushika jembe.*

"Atasema hii si lugha ya katiba," akanong'ona Gwakisa,
lakini alikuwa anainakili kwenye daftari lake la hesabu,
ukurasa wa mbele, juu ya safu ya fedha.

"Na sufuria," akasema Tusekile. "Zitaje."

Nikaandika: *Ibara ya pili. Sufuria za kikundi*
na kalamu ikagoma papo hapo, kabla ya kukataza.
Nikapuliza. Nikachora viduara. Hakuna.
Tusekile akaweka kiazi chini, akanyoosha mkono,
akaifumbata kalamu katika ngumi yenye wanga,
akakaa nayo kimya kwa muda mrefu,
akanirudishia ikiwa ya moto.